Tatuu ya kwanza: uliza sindano kabla ya kugomba

Chukulia nyumba moja ya Mfaranyaki, Manispaa ya Songea. Kijana ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne na anaendesha bodaboda ya mjomba wake huku akisubiri nafasi za ajira zitangazwe. Jioni mama anachambua maharage mlangoni. Kijana anakaa pembeni yake, anazungukazunguka, halafu anasema.

"Mama, nataka kuchora jina la bibi."

"Kuchora wapi?"

"Hapa kwenye mkono. Tatuu."

"Katika nyumba hii? Wanaojichora ni wahuni."

"Bibi alikuwa na nembo usoni, mama. Na yeye alikuwa mhuni?"

Mama ananyamaza. Bibi huyo alizaliwa upande wa Newala, Mmakonde, na nembo zake alichanjwa akiwa msichana: ngozi ilikatwa kwa kisu kidogo na mkaa uliosagwa ukasuguliwa ndani ya vidonda. Watu wengi siku hizi wakisikia neno nembo wanafikiria kampuni ya simu au benki, lakini maana yake ya zamani ni hiyohiyo, alama iliyochanjwa mwilini. Mama mwenyewe ana chale kifuani, alizochanjwa akiwa mdogo kwa sababu ya degedege. Kwa hiyo hoja ya kwamba "sisi kwetu hatuchori mwili" haiwezi kusimama katika nyumba hiyo, na kijana anajua.

Hapo mzazi ana njia mbili. Ya kwanza ni kugomba. Ni haki yake, na pengine ana sababu nzuri. Tatizo ni kinachofuata. Kijana aliyegombezwa mara nyingi haachi, anaacha kusema. Anakwenda Jumamosi na rafiki yake kwenye kibanda, anarudi amevaa shati la mikono mirefu, anaoga usiku, na kidonda anakitibu mwenyewe kwa ushauri wa kijiweni. Mama anakuja kugundua siku ya sita, mkono umevimba na shati limegandia kwenye usaha. Madhara mengi ya tatuu hutokea katika mambo mawili ambayo mzazi aliyefichwa hawezi kuyaona: sindano iliyotumika, na jinsi kidonda kilivyotunzwa wiki mbili za mwanzo.

Njia ya pili ni kuuliza. Si lazima kuuliza ni kukubali. Mama anaweza kusema wazi kwamba hataki, na bado akauliza unachora kwa nani, kwa sindano ipi, lini.

Kama mtoto ana chini ya miaka 18, mazungumzo ni mafupi zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu huyo kuwa ni mtoto, mwili wake bado unakua na alama itakua nao. Jibu ni asubiri. Yanayofuata ni kwa ajili ya kijana aliyefikisha umri wa kuamua.

Swali la kwanza lisiwe la ngozi, liwe la kazi. Vijana wengi wa Songea wanaomaliza kidato cha nne na cha sita wana ndoto ya kuvaa sare. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi na ya Idara ya Uhamiaji yamekuwa yakiweka sharti kwamba mwombaji asiwe na alama ya kuchora mwilini. Sharti hilo halitofautishi jina la bibi na mchoro wa joka. Haliulizi pia kama mchoro uko sehemu inayofunikwa na shati, kwa sababu kwenye ukaguzi wa afya shati linavuliwa. Kijana anayesubiri nafasi hizo na wakati huohuo anataka tatuu anapaswa kuambiwa jambo hili kabla, tena kwa utulivu, maana ndiyo hoja ambayo wengi wao huisikiliza. Hoja ya uhuni ataibishia. Ya fomu ya Polisi haibishiki.

Wapo wanaosema tatuu si inafutwa tu. Inafutwa kwa mionzi ya leza, kwa vipindi vingi vinavyotenganishwa kwa wiki kadhaa, kwa gharama kubwa kuliko ya kuichora, na ngozi nyeusi inaweza kubaki na mabaka meupe au meusi. Njia nyingine za mtaani, za tindikali, za pasi, za kusugua kwa chumvi na jiwe, hazifuti bali zinaunguza. Mwombaji ataingia kwenye ukaguzi na kovu badala ya jina, na ataulizwa kovu hilo ni la nini.

Swali la pili ni la damu. Mtu aliyechora tatuu karibuni anaweza kukataliwa kuchangia damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 kuhusu wachangiaji damu unapendekeza asubiri miezi 12. Hilo linaonekana dogo mpaka siku dada yake amekwenda kujifungua, ndugu wanaombwa wachangie, na mwenye nguvu kuliko wote katika ukoo anarudishwa mlangoni.

Swali la tatu ni la afya yake mwenyewe. Mwenye kisukari, selimundu, tatizo la damu kutoganda, kinga iliyoshuka au ugonjwa wa ngozi unaoendelea aonane na daktari kwanza. Mjamzito asubiri mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Halafu kuna kovu la kuvimba, keloidi, lile linalokua kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Watu weusi tunapata zaidi kovu hilo kuliko weupe, na linarithiwa katika familia. Mzazi ndiye anayejua historia: mtoto alipotobolewa masikio nini kilitokea? Tetekuwanga ya utotoni iliacha makovu ya namna gani? Shangazi yupi alikatwa uvimbe sikioni ukarudi mkubwa zaidi? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, kuchora jina begani au kifuani, sehemu ambazo keloidi hupenda kuota, ni kujitafutia jambo. Hakuna fundi mzuri anayeweza kulizuia hilo, kwa sababu kosa halipo kwenye mkono wake.

Kuna jaribio rahisi kwa aliyebaki na nia baada ya maswali yote hayo. Aandike jina hilohilo, mahali hapohapo, kwa ukubwa uleule, kwa hina ya kawaida ya majani. Itakaa wiki moja hadi mbili. Aende nayo kijiweni, kanisani au msikitini, na kwa mjomba mwenye pikipiki. Wengine wanagundua kwamba wameandika jina kwa herufi zilizokosewa, na hilo peke yake linatosha kuhalalisha gharama ya hina.

Ila iwe hina kweli. Piko, ile nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele ili ikolee haraka, haifai kupakwa kwenye ngozi. Rangi hizo nyingi zina kemikali inayoitwa PPD, ambayo kwa baadhi ya watu huunguza ngozi ikatoa malengelenge siku kadhaa baada ya kupakwa, na kuacha alama ya kudumu kwa umbo la ua lililochorwa. Aliyewahi kuungua hivyo anaweza kuungua tena kichwani siku atakapopaka rangi ya nywele. Hili linawahusu pia mabinti wanaopambwa kwa ajili ya harusi, ambao hakuna anayewagomba. Hina halisi huacha rangi ya chungwa au kahawia na huhitaji saa kadhaa ikae. Inayokuwa nyeusi tii ndani ya nusu saa si hina.

Sasa fundi. Mzazi anaweza kwenda naye, na kijana wa miaka 19 anaweza kuona aibu, lakini aibu ya nusu saa inavumilika. Waende siku isiyo ya kuchora, waangalie tu. Kibanda cha kinyozi kinachochora tatuu jioni baada ya kunyoa kinaweza kuwa kisafi, na chumba chenye taa za rangi kinaweza kuwa kichafu. Kinachoangaliwa ni vitu vichache.

Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya mteja, na tarehe yake ya mwisho isomeke. Iliyochovywa kwenye spiriti si mpya. Iliyopitishwa kwenye moto wa kiberiti si mpya. Kuna mashine za kienyeji zilizoundwa kwa mota ya redio na sindano ya kushonea, na hizo hazihitaji mjadala. Sehemu ya chuma inayoshika sindano, kama si ya kutupa, inatakiwa ipikwe kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi joto 121, kama hospitali wanavyofanya kwa vifaa vya upasuaji. Maji ya moto ya chupa ya chai hayatoshi. Sababu ni kwamba kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka, kwa siku 7 au zaidi. Mteja wa Jumatatu na mteja wa Jumamosi wanaweza kuambukizana bila kuonana. VVU na homa ya ini C navyo hupita kwenye damu, na homa ya ini C haina chanjo.

Wembe wa kunyolea vinyweleo uwe mpya. Glavu zivaliwe na zibadilishwe fundi anaposhika simu, na fundi wa leo anashika simu sana. Sindano zilizotumika ziende kwenye boksi gumu, zisiende kwenye ndoo ya takataka inayomwagwa nyuma ya kibanda ambako watoto wanachezea.

Wino ndio watu wanausahau. Unatakiwa umiminwe kiasi kidogo kwenye kifuniko kipya kwa kila mteja, na unaobaki umwagwe. Kuchovya sindano moja kwa moja kwenye chupa ni kuichafua chupa nzima. Wino wa muhuri, wa printa au wa kalamu haukutengenezwa kuingia mwilini. Hata ule wa tatuu unatofautiana: Umoja wa Ulaya tangu Januari 2022 umewekea mipaka maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu. Na maji ya kuuzimua ni hatari ya peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2011, katika mji wa Rochester, jimbo la New York nchini Marekani, watu zaidi ya kumi waliochorwa na fundi mmoja walitokwa na vipele visivyopona. Wachunguzi wakakuta bakteria wa jamii ya kifua kikuu kwenye chupa za wino wa kijivu zilizokuwa hazijafunguliwa, na shaka kubwa ikaangukia maji yaliyotumika kuuzimua kiwandani. Fundi alikuwa msafi. Kama hilo limetokea huko kwenye chupa za kiwandani, basi fundi anayezimua wino wake kwa maji ya bomba aambiwe asante na waondoke.

Kuhusu chanjo, kadi ya kliniki itolewe kabatini. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo kijana wa miaka 19 aliyemaliza chanjo zake za utotoni anatakiwa kuwa nayo. Kama kadi imepotea au chanjo hazikukamilika, hospitali inaweza kumpima na kumchanja: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya miezi sita. Pepopunda iulizwe hapohapo.

Siku yenyewe ni nyepesi kuliko maandalizi. Ale ashibe, anywe maji, alale vizuri usiku wa kuamkia. Asinywe pombe kabla, maana damu hutoka zaidi na mtu aliyelewa hawezi kuangalia sindano imetoka wapi. Asimeze aspirini kwa ajili ya kuzuia maumivu kabla ya kuchorwa, isipokuwa kama anaitumia kwa maelekezo ya daktari. Asiende akiwa na homa au akiwa na upele mahali panapochorwa.

Akirudi nyumbani, kila mtu aelewe kwamba amerudi na kidonda. Tatuu ni wino uliopelekwa kwenye tabaka la pili la ngozi kwa matundu maelfu, na tabaka la juu limeachwa wazi. Kifuniko alichowekewa na fundi kitolewe baada ya saa chache, au kwa muda aliomwelekeza kama ni plasta maalumu. Anawe mikono kwanza, kwa sabuni. Kisha aoshe mchoro kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni isiyo na manukato, kwa vidole, si kwa dodoki. Aukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, wala asisugue. Apake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta mengi yanafungia unyevu ndani na ngozi inalainika kama iliyokaa kwenye maji. Afanye hivyo mara mbili kwa siku, na shuka ibadilishwe.

Hapa ndipo ushauri wa kijiweni unapoharibu. Majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, spiriti kila asubuhi, krimu ya kung'arisha ngozi, na ule mtindo wa kufungua kapsuli ya antibayotiki na kunyunyizia unga wake: hakuna hata kimoja kinachosaidia. Unga wa kapsuli hutengeneza gamba gumu juu, usaha ukabaki chini yake, na bakteria wakazoea dawa ambayo siku moja angeihitaji kwa kuimeza.

Siku mbili au tatu za mwanzo mkono utauma, utavimba kidogo na kutoa majimaji yenye rangi ya wino. Ni kawaida. Kati ya siku ya tano na ya kumi utawasha, na ngozi itabanduka kama ya mtu aliyeungua jua. Asikune wala asibandue. Kupigapiga kwa kiganja kisafi kunatuliza. Ngozi ya juu hufunga kwa wiki mbili hadi nne. Muda huo hakuna kuogelea mtoni, hakuna jua kali moja kwa moja, na kwa dereva wa bodaboda maana yake ni shati jepesi la pamba la mikono mirefu, kwa ajili ya jua na vumbi. Sweta la Juni na Julai, ambalo Songea halikwepeki, livaliwe juu ya shati hilo, kwa sababu sufi inakwaruza kidonda na kuacha nyuzi ndani yake. Kulima, kubeba magunia na mpira viahirishwe kama mchoro uko mahali panaposuguliwa.

Na dalili za hatari zijulikane na kila mtu nyumbani. Maumivu na uvimbe vinavyoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua. Joto kuzunguka mchoro. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mguso wa mkono unasema zaidi ya macho: ngozi inakuwa ya moto, ngumu na inang'aa. Usaha au harufu. Homa na kutetemeka. Mstari unaopanda kuelekea kwapani. Hayo ni ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, si baada ya mnada wala baada ya Jumapili. Vipele vidogo visivyopona kwa wiki kadhaa navyo vionyeshwe, na mgonjwa aseme wazi kwamba vimetokea mahali alipochorwa.

Kama imeshafanyika kwa siri na sindano ilikuwa ya kuchangia, saa zinahesabiwa. Dawa kinga dhidi ya VVU huanza kutumika ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na chanjo ya homa ya ini B inaweza kutolewa pia. Ziko hospitali za serikali, ikiwemo ya rufaa ya mkoa pale Songea. Mama anayetumia saa hizo kugomba anazipoteza. Kugomba kunaweza kufanyika baadaye kukiwa na muda, na hakuna mzazi aliyewahi kukosa muda wa kugomba.

Katika nyumba ile ya Mfaranyaki, mama na kijana walikwenda kumwona fundi Jumamosi. Pakiti za sindano zilikuwepo, mpya, lakini chupa ya wino ilikuwa moja, kubwa, mdomo wake umekauka rangi za wateja wengine. Walishukuru, wakarudi. Jina la bibi kwa sasa liko kwenye hina, na kijana amesema atangoja mpaka ajue kama nafasi za Polisi zitatoka mwaka huu.

Jumatatu mama alimsindikiza kwenda kuuliza habari ya chanjo, kadi yake ya kliniki mkononi. Muuguzi aliisoma, akaona iko kamili, akamrudishia kijana. Kisha akamtazama mama.

"Na wewe mama, umewahi kupima homa ya ini?"

"Mimi? Mimi sina tatuu."

"Chale je?"

Mama alikuwa amezaliwa miaka mingi kabla ya 2002, na zile za kifuani alichanjwa siku moja na watoto wengine wanne, kwa wembe mmoja. Alikaa kwenye benchi kusubiri zamu yake ya kutolewa damu.